Flashi, Taa za Fabiani na Macho ya Bibi Anastazia

Marahaba, wajukuu. Najua hamjanisalimia, lakini nimeitikia mapema ili mkishaanza kusoma muone aibu kuniacha njiani.

Naandika haya kwa sababu ya kijana mmoja mpiga picha wa hapa Moshi mjini. Jina lake nalihifadhi, maana mama yake ndiye anayeniuzia maziwa. Alinisimamisha barabarani, mgongoni ana begi kubwa kuliko yeye, akasema, "Shikamoo babu. Eti kati ya flashi na taa za kuwaka moja kwa moja, ipi ina mwanga mwingi?"

Nikamwambia twende nyumbani tunywe chai nikueleze. Akasema ana haraka, nimjibu kwa kifupi tu. Kwa kifupi! Swali hilo mimi na mwenzangu Fabiani tumeligombania tangu tukiwa na nywele, yeye anataka jibu amesimama kwa mguu mmoja kando ya bodaboda. Nikamjibu, "Inategemea kama ndafu imekatwa au bado."

Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Nadhani alikwenda kuwaambia wenzake kwamba babu Athumani ameanza kupotea. Sijapotea. Jibu ndilo lile lile, ila lina mkia mrefu.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Si kwa umaskini wala ugonjwa. Shule ilihamia ng'ambo ya mto, na pale darajani alikuwepo bata mzinga wa mtu, ana roho mbaya, hapitishi mtoto. Wenzangu walikuwa na mbio. Mimi nilikuwa na miguu hii hii mnayoiona. Basi nikaingia kwenye picha, kazi ambayo mtu unasimama mahali pamoja.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mafundi cherehani. Mimi ni wa mjini, baba Mpare, mama wa Tanga. Fabiani ni wa Marangu, kazaliwa kwenye migomba, akipiga chafya inatoka kahawa. Ukutani tulikuwa tumechorewa mlima Kilimanjaro, na mlima wenyewe ukitoka nje unauona. Wateja waliutaka wa ukutani, kwa sababu ule wa nje una tabia ya kujifunika mawingu wewe ukishavaa suti. Mchoraji alituwekea na twiga juu ya theluji. Tulipomwambia twiga hafiki kule, akasema, "Mmewahi kufika nyie?" Hatukuwahi. Twiga akabaki.

Sasa mimi nilikuwa mtu wa flashi. Kitu kidogo kama sabuni ya mche, unakipachika juu ya kamera, paa! Kazi imekwisha. Fabiani alikuwa mtu wa taa. Alikuwa nazo mbili, za zamani, za moto, kila moja wati elfu, zimesimama kwenye stendi kama korongo. Alizirithi studio moja ilipofungwa. Yeye ni Mkatoliki wa kweli, akazipa majina: Petro na Paulo. Kamwe hakumwasha Petro bila Paulo. Alisema wana sikukuu moja.

"Flashi yako ni chafya," alikuwa ananiambia. "Inakuja, inakwenda, mtu hajui imepita wapi. Petro anawaka, unaona kivuli kiko wapi, unamsogeza mtu pua. Na tazama boksi lake: wati elfu! Yako imeandikwa nini?"

"Taa zako ni jiko," namjibu. "Mtu akipigwa picha mbili na Petro, kanzu imeshakauka."

Basi tukamwita binti yangu Zuhura, mwalimu wa fizikia, aje akate shauri. Akatuchorea kwenye karatasi mpaka chai ikapoa. Alisema wati siyo wingi wa mwanga unaoupata, wati ni mwendo. Ni kama mfereji. Unaweza kuwa na mfereji mkubwa, lakini ukiufungulia kwa kupepesa jicho tu, utapata kikombe. Kamera inafungua mlango kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo katika ile elfu ya Petro, kinachopita mlangoni ni kumi. Na hata hizo kumi, nyingi ni joto. Flashi yenyewe ina tumbo. Inanyonya betri polepole, inajaza tumbo, halafu inatapika lote kwa mara moja, na mlango wa kamera bado uko wazi.

 Mara nikamwona Fabiani anajipiga paja. "Kumbe ni nduwa!"

Kwa wale wa mjini, kule mlimani maji yanashuka kwa mifongo, ile mifereji ya mababu. Mfongo ukiwa na maji kidogo, ukiyaelekeza shambani yanalowanisha mita mbili yanaishia ardhini. Kwa hiyo wazee wakachimba vibwawa, ndiyo nduwa. Maji yanaingia humo taratibu, asubuhi unatoboa, yanashuka kwa kishindo mpaka mgomba wa mwisho. Mfongo ni ule ule, maji ni yale yale, ila yamekusanywa.

"Flashi ni nduwa," Fabiani akasema, macho yamemtoka. "Taa ni mfongo!"

"Kwa hiyo umekubali flashi ina mwanga mwingi?"

Akafikiri kidogo. "Sijasema hivyo. Mfongo ukiuacha wazi siku nzima unajaza nduwa ngapi?"

Na hapo alikuwa na haki, mshenzi yule. Kama unayempiga picha ni keki au kiti, acha mlango wa kamera wazi sekunde nzima, Petro na Paulo watakujazia mwanga mpaka umwagike. Kiti hakipepesi macho. Shida inaanza kwa binadamu.

Kwa hiyo nyie vijana mnaobishana dukani kwa kusoma maboksi, acheni. Namba ya taa na namba ya flashi hazizungumzi lugha moja. Chukueni kamera moja, msimamisheni mtu mmoja, mahali pamoja, pigeni kwa hiki, pigeni kwa kile, msibadilishe kitu kingine. Picha itawaambia. Na mkiirudisha taa nyuma, umbali ukawa mara mbili, msidhani mwanga umepungua nusu, unabaki robo. Hilo nililijua Mabogini, kwenye picha ya wakulima wa mpunga. Mwenyekiti wao alitaka kusimama nyuma kabisa, juu ya tuta, aonekane mkubwa. Mbele watu wakatoka vizuri kabisa. Nyuma ilionekana kofia yake nyeupe inaelea peke yake.

Na jingine, kabla sijasahau. Ukiharakisha mlango wa kamera, mwanga wa taa unapungua, wa flashi haupungui, kwa sababu flashi ina haraka kuliko mlango. Lakini ukizidisha haraka, flashi inakuta pazia la kamera limeshaanza kufunga. Fabiani yalimpata harusini Sanya Juu. Aliazima flashi yangu, akataka kuligandisha shela likiwa hewani, akazungusha kasi mpaka mwisho. Bibi harusi akatoka anameremeta, na bwana harusi giza tupu, kama amekatwa na panga. Tukajua tumekwisha. Mama wa bibi harusi akaitazama ile picha muda mrefu, akasema, "Nipeni hii. Hata mimi sikumwona wa maana."

Haya, ndafu.

Ilikuwa Desemba, mwaka wangu wa mwisho kazini, si zamani. Mnajua Desemba mlimani: kila Mchagga aliye Dar, Mwanza, sijui wapi, anarudi na gari limejaa. Bibi Anastazia wa Marangu, mama mkwe wake Fabiani, alikuwa anafanyiwa ibada ya shukrani kwa umri wake mkubwa, halafu sherehe kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Mimi niliitwa kwa kazi mbili. Kule Wakristo wakiwa na wageni Waislamu humwita Mwislamu achinje, ili kila mtu ale kwa amani. Na wakishagundua kuna Mwislamu mmoja anayechinja na kupiga picha, hawaiti wawili. Asubuhi nachinja, naoga, mchana nawaomba watu watabasamu.

Nilipofika kumwamkia, nikamkuta Bibi sebuleni amekaa chini ya picha ya marehemu mumewe, Mzee Kalisti. Picha hiyo naijua, ilipigwa zamani kwa flashi za balbu. Mzee amevaa koti, na macho yamemtoka kama mtu aliyefumaniwa ghalani. Sisi wote tulisema ni kwa sababu ya mshtuko wa flashi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Athumani. Mbuzi amekufa vizuri?"

"Hakulalamika, mama."

"Sasa kaa. Nina neno." Akanyoosha kidole ukutani. "Huyu ananitazama tangu afariki. Nafagia, ananitazama. Nakunywa uji, ananitazama. Nataka picha yangu iwekwe hapo ubavuni kwake, nimtazame na mimi. Sasa nitamtazamaje?"

Akanipa albamu. Wajukuu, nimeona picha nyingi duniani. Sijawahi kuona albamu kama ile. Harusi ya mwanawe wa kwanza: Bibi amefumba macho, mkono uko kwenye paji la uso. Ubatizo: amefumba, mkono kifuani. Harusi ya Fabiani mwenyewe: amefumba, mkono bega la kushoto. Maisha yake yote yuko katikati ya ishara ya msalaba. Mjukuu mmoja wa Dar, mtoto mdogo, aliwahi kuuliza kwa nini bibi anaogopa keki.

"Nilipokuwa msichana radi ilipiga mgomba nimesimama karibu," akasema. "Mama yangu akaniambia: ukiona mwanga, funga macho, jikabidhi. Mkono unakwenda wenyewe, Athumani. Na daktari ameniambia jicho hili moja limeanza kuingia ukungu. Picha hiyo nataka niione mwenyewe, siyo nisimuliwe."

Halafu akatoka nje kwenye turubai, mbele ya ukoo mzima, akatangaza, "Ndafu haikatwi mpaka niyaone macho yangu."

 Ndafu ni yule mbuzi mzima aliyebanikwa, anasimamishwa mezani na majani mdomoni kana kwamba bado anakula, hana habari. Alikuwa ameshasimama pale. Harufu yake ilikuwa inapita kila meza kama mkusanya sadaka. Na watu walikuwa wametoka kwenye misa ndefu.

Nikaanza na flashi. Fabiani kasimama nyuma yangu, anasaidia kama kawaida yake, yaani anapiga kelele: "Mama, tayari! Moja, mbili..." Paa! Nikatazama kioo cha kamera. Macho yamefumbwa, mkono kwenye paji. Tena. Paa! Macho yamefumbwa, mkono kifuani. Mara ya tatu ukoo mzima ukaitikia "Amina."

Nikazima flashi. Ukungu ulikuwa umeshuka, chini ya migomba ni kama magharibi. Picha ikatoka Bibi kama moshi uliovaa kitenge.

Fabiani alikuwa anangoja hapo. Alikuwa amewabeba Petro na Paulo kwenye gari tangu mjini, amewafunika blanketi. "Nilikwambia," akasema. "Kizee cha watu hawezi kupigwa radi na kila picha. Anahitaji mwanga wa upole."

Akawachomeka. Umeme wa nyumba nzima ukakatika, redio ikanyamaza, wapishi wakapiga yowe. Akamtoa Paulo kwenye soketi ya sebuleni akamhamishia jikoni, ikakubali. Mwanga ukaja. Lakini kumbukeni kuko baridi kule, wajukuu, na Petro na Paulo ni jiko. Dakika haikupita, wazee wakaanza kusogeza viti.

"Baba Neema," mzee mmoja akamwambia Fabiani, "hii mashine ni nzuri sana. Igeuze kidogo huku magotini."

Akina mama wakaleta watoto. Mtu akatundika shati lake bichi kwenye stendi ya Paulo. Jirani akauliza kama zinakodishwa kukaushia kahawa. Kuku mmoja akaja, akazunguka, akajikunja chini ya Petro, akafumba macho kwa raha. Nilipogeuka kumtazama Bibi, na yeye alikuwa amefanya hivyo hivyo.

Amelala. Mdomo wazi kidogo, anakoroma taratibu kama paka.

"Mwanga umetosha," Fabiani akaninong'oneza. "Ukubali umetosha."

"Umetosha kumlaza."

Najua sasa hivi mnapiga kelele: babu, LED! Alikuwepo mjukuu mmoja wa Bibi na taa ya LED, bamba jembamba, baridi, safi. Tuliijaribu. Nzuri sana, lakini ile ndogo ya mkononi, ili iufikie mwanga wa flashi, ilibidi aisogeze mpaka karibu na pua ya Bibi. Bibi akakunja uso wote, akauliza, "Nani huyu ananimulika? Kuna mwizi?" Macho mistari miwili.

Tukakaa. Ndafu ilikuwa inapoa. Watoto walikuwa wameizunguka meza kama tai. Mshereheshaji alikuwa amemaliza hadithi zake zote, ameanza kutambulisha watu aliokwisha kuwatambulisha. Mtoto mkubwa wa Bibi akaniita pembeni. "Mzee Athumani, huwezi kumchorea macho kwenye kompyuta?" Bibi akasikia. "Ya nani?" akauliza. "Mnichoree ya nani?"

Hapo ndipo nikawaza vizuri, kwa sababu ya njaa. Njaa inasafisha akili. Nikajiambia: flashi ni nyepesi kuliko kope ya binadamu. Haiwezekani ukafumba kwa sababu ya flashi ukawahi. Ukifumba baada yake, picha imeshapigwa. Kwa hiyo Bibi hafumbi kwa flashi. Anafumba kabla! Anafumba akisikia "moja, mbili." Kumbe radi yake ilikuwa ni Fabiani.

Nikamgeukia. "Fabiani, nakuomba. Nyamaza. Nenda kasimame mbali, usiseme kitu."

Akanuna, akaenda. Nikawaacha Petro na Paulo wawake kwa nyuma waondoe lile giza la migomba. Flashi nikairudisha juu ya kamera. Bibi ameamka, anakitazama kidole changu kama paka anavyotazama shimo la panya. Nikasogeza kidole, akafumba. Nikakitoa, akafumbua. Nikakisogeza, akafumba, mkono ukaanza safari. Ukoo ukaanza "Ami—"

Na sasa mjue Fabiani alikwenda kusimama wapi. Nilimwambia mbali. Mbali aliyoichagua yeye ilikuwa pembeni ya ndafu.

Kule, nyama haina kipande cha hivi hivi. Kila kiungo kina mwenyewe: hiki cha mjomba, hiki cha shangazi, na kuna cha mwenye siku yake. Mtu hagusi. Na mkwe ndiyo kabisa. Mkwe mbele ya mama mkwe hata kupiga miayo anaomba ruhusa. Mimi sikuona, nilikuwa nimempa mgongo. Lakini Bibi aliona. Aliuona mkono wa Fabiani unapanda taratibu, vidole viwili, unabana kile kipande kilichoiva vizuri ubavuni, chake yeye Bibi, unakinyofoa.

"FABIANI!"

Wajukuu, yale macho. Yalifunguka kama mageti ya kiwanda. Hata lile lenye ukungu lilifunguka. Paa!

Ukoo ukaruka. Kuku akakimbia. Fabiani akameza bila kutafuna, akabaki ameshika koo, machozi yanamtoka, anasema, "Mama, nilikuwa nakusaidia."

"Kunisaidia kula?"

"Nilikuwa nakusaidia kufungua macho, mama!"

Hiyo ndiyo hadithi anayoisimulia mpaka leo, kwamba alipanga. Msimwamini. Nilimpigapiga mgongo mimi mwenyewe, na kilichotoka hakikuwa mpango.

Nikamletea Bibi kamera. Akaisogeza karibu na jicho lake zuri. Akatazama. Mwanga ulikuwa mzuri, nasema kweli: nyuma yake migomba ina joto la Petro na Paulo, na usoni flashi imeingia hadi ndani ya mboni, imeacha nyota mbili. Macho wazi, makubwa, makali, yanatazama pembeni kwa mtu aliyekosa. Alikaa nayo muda. 

"Ni mimi," akasema. "Kateni ndafu."

Fabiani hupenda kusema picha ile ni ya taa zake, kwa sababu bila wao nyuma kungekuwa shimo. Mimi husema ni ya flashi, kwa sababu taa hazina mbio za kulidaka jicho la mwanamke aliyeibiwa nyama. Tunabishana bado. Ana siku za kuja kwangu kubishana tu, anakunywa chai yangu, anaondoka.

Baada ya Mwaka Mpya tukaisafisha picha, tukaiwekea fremu, tukaipeleka Marangu. Fabiani akaitundika kulia kwa Mzee Kalisti. Bibi akaikataa. "Upande huo natazama dirisha. Nihamishie huku." Tukamhamisha kushoto. Akasogea nyuma, akapima. "Chini kidogo. Hapo."

Sasa yale macho makali yalikuwa yanamwangukia Mzee Kalisti moja kwa moja. Na Mzee Kalisti, na koti lake, na macho yake yaliyomtoka, kwa mara ya kwanza alionekana ana sababu. Miaka yote tuliisingizia flashi.

Bibi Anastazia akavuta kiti chake, akakaa chini yao, akachukua uji wake.

"Haya, Kalisti," akasema. "Na wewe sasa utazamwe."